Kabla ya picha, ulizeni tarehe: barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya na wa Mambo ya Nje wa Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri,

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya serikali mkoani Kagera, Tanzania. Nawaandikia nyote mnaoongoza Wizara za Afya na za Mambo ya Nje katika nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nimewaunganisha katika barua moja kwa makusudi. Gonjwa kubwa likizuka, mnasimama bega kwa bega uwanja wa ndege kupokea shehena ya msaada. Ikishapokelewa, kila wizara inarudi ofisini kwake, nasi huku chini tunabaki na makasha ambayo hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kuyatumia.

Tarehe 24 Julai 2021 ndege ilitua Dar es Salaam na dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 aina ya Janssen, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alikuwepo. Waziri wa Mambo ya Nje, Balozi Liberata Mulamula, alikuwepo, na balozi wa Marekani pia. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Nililia siku ile, wala sioni aibu kulisema. Tulikuwa tumetoka katika kipindi ambacho muuguzi aliogopa kuutaja ugonjwa uliokuwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo msinisome kama mtu anayeukejeli msaada. Chanjo ile ilitufaa. Lakini Waziri wa Mambo ya Nje hakwenda kupokea makasha ya dawa kwa bahati tu. Ulikuwa ugeni wa kidiplomasia, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Mwaka mmoja nyuma, Machi 2020, Jack Ma wa China alituma vifaa kupitia Addis Ababa: kwa kila nchi ya Afrika vipimo 20,000, barakoa 100,000 na mavazi ya kinga 1,000. Januari 2021 India ikaanza kugawa chanjo kwa majirani na marafiki chini ya mpango iliouita Vaccine Maitri. Urusi ikanadi Sputnik V, China ikaleta Sinopharm. Hata Madagascar, nchi isiyo na utajiri wa kutisha, ilijipatia jina kwa chupa za dawa yake ya mitishamba. Mei 2020 Waziri wetu wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alipanda ndege hadi Antananarivo kuifuata.

Sina ugomvi na hilo. Mataifa yakishindana kutafuta urafiki wetu kwa chanjo, ni heri kuliko yakishindana kwa silaha. Ninachotaka mkione ni kwamba anayetoa naye ana shida yake. Anahitaji picha ile ya pale uwanjani, bendera yake ubavuni mwa kasha, na waziri wetu akisema asante mbele ya kamera. Anahitaji habari hiyo itangazwe saa mbili usiku kwetu na kwao. Hicho ndicho kitu chenu mezani, na kina thamani kubwa kuliko mnavyokihesabu. Miaka yote hii mmekuwa mkikitoa bure, na mkikitoa kwanza, kabla hamjauliza lolote.

Niwaonyeshe kazi ilivyo. Kichupa kimoja cha Janssen kina dozi tano. Ukishakitoboa kwa mara ya kwanza una saa sita, zikipita kilichobaki ni cha kumwaga. Sasa asubuhi anakuja mama mmoja kutoka kitongoji cha mbali, amekubali kuchanjwa baada ya wiki za kubishana na watu wa nyumbani kwake, na nyuma yake hakuna mtu. Nikimfungulia kichupa, huenda dozi nne zikamwagika na nitaulizwa kwenye ripoti. Nikimwambia asubiri wapatikane wenzake wanne, ataondoka, na waliomkataza watapata la kusema. Mimi nilikuwa nafungua. Kisha mhudumu wa afya ya jamii anazunguka kutafuta wengine wanne kabla muda haujaisha, anapiga simu kwa vocha yake mwenyewe, kwa sababu hela ya mafuta ya pikipiki haijafika kutoka huko inakotoka.

Mpango Shirikishi na Harakishi wa chanjo ya UVIKO-19 uliozinduliwa Septemba mwaka ule ulitusaidia sana. Ulitutoa nyuma ya meza ukatupeleka minadani, misikitini, makanisani na mialoni kwa wavuvi. Hapo ndipo watu walipochanjwa, na hapo ndipo pesa ilipokuwa haba. Aliyetoa chanjo alilipia kichupa na ndege. Pikipiki ya kutoka wilayani hadi kijijini haikuwa na mfadhili, kwa kuwa hakuna balozi aliyewahi kupigwa picha amesimama kando ya pikipiki yenye matope.

Tena shukuruni kwamba Janssen ilitumia sindano ileile ya nusu mililita tunayochanjia watoto. Pfizer, ambayo nayo tulipewa baadaye, ilitaka sindano ya mililita 0.3 na ilitaka kuchanganywa na maji maalumu kabla ya kuchomwa. Shehena ya Pfizer ikishuka bila sindano zake na bila maji yake, kilichoshuka ni mzigo tu. Hili analijua kila muuguzi, lakini sijawahi kusikia likisemwa na waziri uwanja wa ndege.

Na tarehe za kuisha muda? Malawi ilipokea dozi 102,000 za AstraZeneca tarehe 26 Machi 2021, na muda wake wa matumizi ulikuwa unaisha tarehe 13 Aprili. Siku kumi na nane. Watumishi wenzangu wa kule walijitahidi wakachanja nyingi ya dozi hizo, na 19,610 zilizobaki zikachomwa moto mwezi Mei. Habari iliyozunguka dunia ilikuwa ile ya moto. Aliyezipeleka zikiwa zimebakiza wiki mbili na ushee hakuzungumziwa sana. Desemba mwaka uleule Nigeria iliteketeza zaidi ya dozi milioni moja kwenye dampo la Abuja kwa sababu hiyohiyo. Jirani zetu wa Kongo walipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021. Wakasita baada ya nchi za Ulaya kusimamisha chanjo hiyo kwa hofu ya damu kuganda, na mwishowe wakarudisha dozi kama milioni 1.3 zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Waafrika tukaambiwa hatutaki chanjo.

Yaliyonisukuma kuandika ni haya: jibu lilikwishapatikana. Tarehe 29 Novemba 2021 chombo cha Umoja wa Afrika cha kununua chanjo, AVAT, pamoja na Africa CDC, kituo cha Umoja huo cha kudhibiti magonjwa, na COVAX, walitoa tamko wakisema waziwazi kwamba misaada mingi ilikuwa ikija kiholela, bila taarifa ya kutosha na ikiwa imebakiza muda mfupi. Wakaweka masharti. Chanjo ifike nchini ikiwa na angalau wiki kumi za matumizi. Nchi ipewe taarifa si chini ya wiki nne kabla ya shehena kufika. Sindano na vifaa vyake vije pamoja nayo. Hayo ni masharti ya watu wazima wanaojua kazi, na tayari yameandikwa kwa jina la Afrika. Ni nani kati yenu aliyewahi kuyaweka mbele ya balozi kabla ya kukubali tarehe ya hafla?

Angalieni mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa homa ya nyani. Aina mpya ya kirusi kile ilijulikana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu huko Kivu Kusini, ambako watu huzungumza lugha hii ninayoandikia. Tarehe 13 Agosti 2024 Africa CDC ilitangaza dharura ya bara, na siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza dharura ya kimataifa. Shehena ya kwanza, dozi kama 99,000 kutoka Umoja wa Ulaya, ilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba. Siku chache baadaye Marekani ikaleta dozi 50,000. Wakubwa walikuwepo, kamera zilikuwepo. Mtu wa kwanza alichanjwa Goma tarehe 5 Oktoba, mwezi mzima baadaye. Sehemu ya kucheleweshwa huko ilikuwa ya lazima, kwa maana watumishi hufundishwa na mipango hupangwa. Lakini wengi wa wagonjwa wa Kongo walikuwa watoto, na chanjo iliyoshushwa siku ile ilikuwa imeidhinishwa kwa watu wazima. Japani, iliyoahidi dozi milioni tatu, ilikuwa na chanjo inayofaa watoto, ila huchomwa kwa sindano ya ncha mbili ambayo wauguzi wengi wa leo hatujawahi kuishika. Mambo haya mawili yangejulikana kwa kuuliza swali moja moja kwenye simu, wiki kadhaa kabla ya ndege kuruka.

Na tusisahau kwamba chanjo hiyohiyo ya mpox ilichanjwa Ulaya na Marekani mwaka 2022. Kongo, ambako ugonjwa umekuwepo tangu 1970, ilingoja hadi ulipowatisha wengine.

Jambo la India ninalitaja kwa kifupi tu kwa kuwa wengi mnalikumbuka. Machi 2021, wimbi kubwa lilipoipiga India, chanjo zilizokuwa zikitoka kiwanda cha Serum zilizuiwa kutoka nje ya nchi. Siwalaumu, wao nao walikuwa wanakufa. Lakini Kenya ilibaki na watu waliochomwa dozi ya kwanza wakisubiri ya pili, na wizara ikalazimika kuwasogezea muda kutoka wiki nane hadi kumi na mbili. Zawadi haina mkataba, ndiyo maana hukatika wakati wowote. Mkitaka uhakika, nunueni kwa pamoja na mtie saini, na zawadi iwe nyongeza juu ya hapo.

Sasa nije kwetu wenyewe, maana tunapozungumzia diplomasia ya magonjwa tunapenda kuwatazama wakubwa wa mbali tu. Mei 2020 madereva wetu wa malori walipimwa mpakani Namanga, na walioonekana na virusi wakarudishwa. Tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka kwa watu isipokuwa mizigo, na upande wetu nao wakajibu. Agosti mwaka huo Kenya haikuiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake waliruhusiwa kuingia, Tanzania ikaizuia Kenya Airways, na ugomvi ukaendelea hadi katikati ya Septemba. Wakati huohuo Jumuiya ilikuwa imegawa maabara tisa zinazohamishika, kwa fedha za Ujerumani, ili nchi zote ziweze kupima. Tulikuwa na kifaa cha kumaliza ubishi, tukaendelea kubishana. Dereva aliyelala siku kadhaa chini ya lori lake hakujua kama yuko kwenye foleni ya ugonjwa au ya siasa.

Kisha kuna hili la mkoani kwangu, na naomba mlisome taratibu. Katikati ya Januari 2025 WHO ilitoa taarifa ya watu tisa waliohisiwa kuwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, hapa Kagera, wanane kati yao wakiwa wamefariki. Wizara ikasema sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Tarehe 20 Januari, Dodoma, Rais Samia akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros, akathibitisha kwamba ugonjwa upo Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi ukiwa na wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wengine. Wote kumi walifariki.

Simjui mtumishi wa afya asiyeelewa kwa nini serikali husita. Mnawaza watalii, mnawaza mpaka, mnawaza mizigo ya bandarini. Mnakumbuka Afrika Kusini ilivyotangaza kirusi cha Omicron kwa uungwana Novemba 2021, na ndani ya siku chache safari zake zikafungiwa na nchi tajiri. Woga huo una sababu. Lakini tazameni jirani wa upande wa pili wa mto Kagera. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Waziri alizungumza na waandishi mara kwa mara na kutaja idadi, hata pale wengi wa waliougua walipokuwa watumishi wa afya. Tarehe 5 Oktoba chanjo ya majaribio ikafika Kigali kutoka Taasisi ya Sabin, na ikaanza kutolewa bila kuchelewa. Wagonjwa 66, vifo 15, katika ugonjwa ambao kwa kawaida huua karibu nusu ya wanaoupata na mara nyingine zaidi. Ilipofika Desemba mlipuko umeisha, na Rwanda ilikuwa imejijengea heshima ambayo hakuna kampeni ya matangazo ingeweza kuinunua. Uwazi ndio uliowaletea chanjo mapema. Kwangu mimi hiyo ndiyo diplomasia ya gonjwa iliyo bora kuliko zote tulizoziona eneo hili, nayo imefanywa na nchi ndogo ya Kiafrika.

Ile tarehe 20 Januari 2025 ina jambo lingine. Siku hiyohiyo Rais wetu anathibitisha Marburg, Washington rais mpya alitia saini amri ya kuitoa Marekani WHO na nyingine ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku tisini. Huku kwetu vituo vingi vilikuwa na makasha yameandikwa kuwa ni msaada wa watu wa Marekani. Kuna wenzetu waliolipwa kwa fedha hizo ambao hawakurudi kazini. Nalisema hili kwa sababu kuna watu kwenye wizara zenu wanaodhani urafiki uliopigwa picha mwaka 2021 ulikuwa akiba.

Tangu hapo michezo imebadilika. Desemba 2025 Kenya ilitia saini na Marekani makubaliano ya afya ya miaka mitano: Marekani kuahidi hadi dola bilioni 1.6, Kenya kuongeza dola milioni 850 za bajeti yake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu inayohusu kupeana taarifa za afya za wananchi. Nchi nyingine za Jumuiya nazo zimekaa meza hiyo, kila moja peke yake. Hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 unataka kampuni zitakazojiunga na mfumo wake ziipe WHO asilimia 20 ya chanjo na dawa wanazotengeneza wakati wa janga, na angalau nusu ya hizo ziwe bure. Kwa kubadilishana, nchi nazo zitoe haraka sampuli za virusi vinavyozuka kwao. Kiambatisho cha kupanga mfumo huo kiliachwa kijadiliwe baadaye. Maana yake ni kwamba sampuli inayotoka Kamituga au Biharamulo ina bei duniani. Mkiiahidi kwa nchi moja kwenye makubaliano ya pembeni, mtaingia Geneva mikono mitupu.

Kwa hiyo naomba mfanye haya, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya.

Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya la Jumuiya likutane na wenzao wa Mambo ya Nje, Arusha, kabla ya gonjwa lijalo, na lipitishe kwamba nchi zote nane zinashika masharti ya Novemba 2021. Hakuna hafla ya uwanja wa ndege kwa shehena yenye chini ya wiki kumi. Balozi akileta ya wiki tatu, tuichukue kama tunaweza kuitumia, tumshukuru kwa barua, na kamera zibaki nyumbani. Mtaona jinsi tarehe zitakavyorefuka.

Sehemu ya kila msaada iwe fedha ya kuufikisha: mafuta, posho ya mchanjaji, vocha ya mhudumu wa jamii. Mwambieni mfadhili kwamba mkitaka bendera yenu ionekane, ibandikeni kwenye pikipiki. Nitaiendesha kwa fahari.

Kipimo kilichofanywa kwenye maabara moja ya Jumuiya kikubaliwe mpakani na nchi zote, na nchi inayotangaza mlipuko mapema isifungiwe mpaka na jirani wa Jumuiya bila kwanza mawaziri kuzungumza. Tukiadhibiana sisi kwa sisi kwa kusema kweli, muuguzi wa Biharamulo ajaye ataambiwa tena anyamaze.

Na siku ndege inapotua, tovuti ya Wizara ya Afya iweke ukurasa mmoja: chanjo gani, dozi ngapi, inaisha lini, ni ya umri gani, inachomwa kwa sindano ipi na sindano hizo ziko wapi, nani analipia safari kutoka bohari ya wilaya hadi zahanati, na tumeahidi nini kwa aliyetupa. Sisi wa vijijini tutausoma kabla ya nyinyi kumaliza hotuba, na kama kuna sindano isiyopatikana tutawaambia siku hiyohiyo.

Wasalaam,

Muuguzi wa zahanati, Kagera